Vidudu vyeusi vinavyoruka kwenye miche ya nyanya ndani ya nyumba

"Habari mtaalamu. Niko Tabora mjini, Ipuli. Mvua zilipoanza kwa nguvu niliona kitalu cha nje kitasombwa, na kuku wa jirani nao hawaachi kitu, nikasia nyanya na hoho ndani. Trei na makopo nimepanga chumba cha nyuma karibu na dirisha. Udongo nilichota chini ya mwembe, nikachanganya na samadi ya ng'ombe. Namwagilia asubuhi na jioni. Sasa ni wiki ya tatu, kuna vidudu vyeusi vidogo kama mbu, nikigusa trei vinaruka, usiku vinajaa kwenye mwanga wa simu. Miche mingine imekuwa ya njano, mingine imelala. Nikiongeza maji naona inazidi kulala. Nimeweka kikombe cha siki na sabuni, vimekufa vichache. Mume wangu ana dawa ya tumbaku iliyobaki, anasema tupulizie chumbani tufunge mlango usiku kucha. Mama mkwe anasema tuloweke majani ya tumbaku tumwagie. Chumba hicho wanalala watoto wawili. Je, hawa ndio nzi weupe wanaoleta rasta? Nifanye nini?"

Dada yangu, naanza na dawa kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Msipulizie chumbani. Dawa ya tumbaku imetengenezwa kwa ajili ya shamba, mahali penye upepo na jua, na kipimo chake kimepangwa kwa shamba. Ukiipuliza kwenye chumba kilichofungwa inatua kwenye magodoro, neti, nguo na sakafu, na watoto watalala juu yake. Hujanitajia jina lake, lakini baadhi ya viuatilifu hushambulia mishipa ya fahamu ya binadamu kwa njia ileile vinavyomuua mdudu. Mtoto mdogo anahitaji kiasi kidogo sana ili adhurike.

Na hata tukiweka hatari hiyo kando, dawa hiyo haitakutatulia shida. Itaua wanaoruka usiku huo. Walio ndani ya udongo, ambao ndio wengi na ndio wanaokula mizizi, itawaacha, na baada ya siku chache chumba kitajaa tena. Mwambie shemeji chupa ibaki na lebo yake, ifungiwe mbali na chakula na mahali pa kulala, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Kisha, kama kuna namna yoyote, trei zitoke chumbani kwa watoto ziende barazani chini ya paa. Hilo litawasaidia watoto, na utaona mbele kwamba litaisaidia miche pia.

Ushauri wa mama mkwe una msingi wake, na mwambie hivyo. Nikotini iliyo kwenye jani la tumbaku kweli inaua wadudu, na wakulima waliitumia muda mrefu kabla ya dawa za dukani. Tatizo ni kwamba nikotini inapenya kwenye ngozi ya binadamu. Wanaovuna tumbaku ikiwa na umande wanakijua kile kizunguzungu na kichefuchefu kinachowapata baadaye. Maji yaliyoloweka majani ya tumbaku kwenye ndoo, ndani ya nyumba yenye watoto, ni sumu isiyo na kipimo wala lebo.

Kuna sababu ya pili ambayo watu wengi hawaijui, na kwa mkoa kama wa kwenu ina uzito wa pekee. Tumbaku, nyanya, hoho, bilinganya na nyanya chungu ni mimea ya familia moja, kwa hiyo inaambukizana magonjwa. Virusi vya batobato ya tumbaku vinaweza kukaa ndani ya jani lililokaushwa kwa miaka vikiwa bado hai, tena vinahamia kwenye mche kwa kuguswa tu, kupitia vijeraha ambavyo jicho halivioni. Ukimwagia miche michanga maji hayo unaweza kuipandikiza ugonjwa usio na tiba. Kwa sababu hiyohiyo, mtu yeyote aliyetoka kushika tumbaku, iwe shambani, kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku) au kwenye sigara, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa trei zako.

Sasa tuje kwa wadudu wenyewe. Nzi weupe siyo hawa. Nzi mweupe ana mabawa meupe ya ungaunga, hukaa chini ya majani, na ukitikisa mche huruka kutoka kwenye jani. Huyo ndiye anayebeba virusi vya majani kujikunja na kuwa manjano, vile ambavyo wakulima wengi huviita rasta. Wa kwako ni weusi, wana miguu mirefu, na wanatoka kwenye udongo. Inzi wa matunda pia siyo hawa. Yeye ni wa hudhurungi, ana macho mekundu, na msimu huu wa maembe kila jiko la Tabora linaye. Siki uliyoweka humvuta huyo wa matunda, kwa sababu anatafuta kitu kilichochacha. Hawa wako hawaifuati sana, na wale wachache waliokufa pengine walitumbukia wakipita. Wala siyo usubi, maana usubi huuma na huzaliana kwenye mito yenye maji yanayokwenda kasi. Wa kwako hawaumi mtu.

Kwa maelezo yako, hawa ni nzi wa udongo. Mkubwa wao ana urefu wa milimita 2 hadi 4, anaruka kwa kuyumba, hafiki mbali, na hupenda kukimbiakimbia juu ya udongo wenye unyevu. Yeye mwenyewe hali mche wako. Anaishi wiki moja hivi, na kazi yake ni kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 hadi 200 kwenye nyufa za udongo mbichi. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, wakatoka funza wembamba weupe wanaopitisha mwanga, wenye kichwa cheusi kinachong'aa. Hao hukaa wiki mbili hivi kwenye tabaka la juu, sentimita 2 au 3 za kwanza, kisha hujigeuza pupa, na siku chache baadaye huruka. Mzunguko mzima ni wiki 3 hadi 4, na joto likizidi unafupika. Umesema hii ni wiki ya tatu tangu usie, kwa hiyo unaowaona ni kizazi kilichokuja na ule udongo wa chini ya mwembe na samadi.

Chakula chao cha kwanza ni ukungu, utando wa kijani unaoota juu ya udongo, na mabaki yanayooza. Samadi isiyoiva na majani ya mwembe yaliyooza nusu ni karamu kwao. Wakiwa wachache, mche mkubwa hauhisi chochote. Wakiwa wengi kwenye trei yenye miche yenye majani mawili matatu, wanageukia vinyweleo vya mizizi, na wengine hutoboa shina pale chini. Kupitia majeraha hayo huingia vimelea vya ukungu vinavyosababisha kinyausi, ule ugonjwa ambao mche hunywea usawa wa udongo, shina likawa jembamba kama uzi, kisha ukalala. Nzi wakubwa nao hubeba vimelea hivyo wakihama trei hadi trei.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mche uliopoteza vinyweleo vya mizizi hauwezi kunywa, hata ukiwa umesimama kwenye maji. Unanyauka mchana, majani yanakuwa ya njano, na ukiutazama utaapa kwamba una kiu. Wewe kwa huruma unaongeza maji. Maji yanajaza nafasi ambazo hewa ilipaswa kukaa, mizizi iliyobaki inakosa pumzi na kuoza, ukungu unastawi, nzi wanapata mahali pazuri zaidi pa kutaga, na kesho yake mche umenyauka zaidi. Uliliona hilo mwenyewe ulipoandika kwamba ukiongeza maji inazidi kulala. Ndani ya chumba, pasipo upepo wala jua la kutosha, na hewa ya masika ikiwa tayari imejaa unyevu, trei inaweza kuhitaji maji mara moja tu kwa siku mbili au tatu. Kumwagilia asubuhi na jioni ni desturi ya kitalu cha nje wakati wa kiangazi.

Kabla ya kufanya lolote, thibitisha. Kata vipande vya kiazi mviringo, kila kimoja unene wa kidole, uvilaze kwenye udongo upande uliokatwa ukitazama chini. Viache siku mbili au tatu, kisha vigeuze mahali penye mwanga. Kama funza wapo watakuwa wamekusanyika chini ya kiazi, na utaviona vichwa vyao vyeusi kwa macho. Vipande vyenye funza vitupe kwenye maji ya moto. Trei ambayo kiazi chake kimetoka kisafi usihangaike nayo, rekebisha maji tu.

Baada ya hapo acha kumwagilia mpaka sentimita 2 za juu zikauke. Ingiza kidole, usitazame rangi peke yake. Njia nzuri zaidi ni kuinua trei: baada ya siku chache mkono utazoea uzito wa trei yenye maji na wa isiyo nayo. Inapofika wakati wa kunywesha, weka maji kwenye beseni kina cha vidole viwili, simamisha trei au makopo humo dakika 15 hadi 20, kisha uyatoe yachuruzike. Makopo yasiyo na matundu chini yatoboe leo hii. Unaponywesha kutoka chini mizizi inafuata maji kwenda chini, na juu panabaki pakavu, mahali ambapo yai la nzi huyu hukauka na funza hukosa chakula. Mwagilia asubuhi tu. Tahadhari moja: mbegu ulizosia juzi na bado hazijaota haziwezi kukaushiwa hivyo. Hizo zitenge, uzifunike kwa neti yenye matundu madogo sana mpaka zitoe majani.

Kukausha huko peke yake hupunguza funza kwa kiasi kikubwa, lakini wanaoruka sasa wataendelea kuonekana wiki mbili tatu kwa sababu pupa walioko ndani watamaliza safari yao. Wengi hukata tamaa hapo, wakafikiri njia imeshindwa, wakarudia dawa. Vumilia, na wakati huohuo wanase wakubwa. Rangi ya njano inawavuta. Chukua dumu la njano la mafuta ya kula lililopasuka, kata vipande ukubwa wa kiganja, paka mafuta ya mgando au grisi, uvilaze juu ya udongo au uvisimamishe kwa kijiti usawa wa majani. Ukivining'iniza juu karibu na dari utapata wachache, kwa sababu hawa huruka chinichini. Kila siku 3 futa, hesabu, paka tena. Mtego huu haumalizi shida, ila hesabu yake ndiyo itakayokuambia kama wanapungua au la.

Watu watakushauri mchanga na majivu. Mchanga mkavu wa chembe kubwa, tabaka la sentimita 1 juu ya udongo, unasaidia kwa sababu maji hupita haraka na juu hubaki pakavu. Unasaidia pale tu unaponywesha kutoka chini. Ukimwagia juu kila siku, mchanga nao utaota utando. Majivu mimi siyapendelei kwenye trei. Yakilowa hushikana yakawa ganda, na yakizidi hubadilisha hali ya udongo kiasi cha kudhuru mche mchanga.

Mwarobaini una kazi, na mbegu zake zina nguvu kuliko majani. Twanga kiini cha mbegu, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyohiyo kwa sababu jua na muda huidhoofisha. Haiui papo hapo. Inamzuia funza asijivue ngozi akakua, hivyo matokeo huja polepole. Jaribu kwanza kwenye miche mitatu minne, ungoje siku mbili uone kama majani yanaungua, ndipo unyweshee udongo wa trei zenye funza, badala ya mzunguko mmoja wa maji. Rudia baada ya wiki. Dawa hii pia ni kali, usiiache kwenye kikombe ambacho mtoto anaweza kunywea.

Ipo pia bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis israelensis, ambayo hutumika kuua viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi. Pale Kibaha kuna kiwanda kinachotengeneza viuadudu vya aina hii. Funza wa nzi wa udongo ni jamaa wa karibu wa viluwiluwi vya mbu, wakiila hufa, wala haidhuru mche. Nchi nyingine wakulima wa vitalu huitegemea sana. Ila lazima iwe aina hiyo ya israelensis, kwa sababu nyingine ya mbu, sphaericus, siyo ya kutegemea kwa hawa. Na kama lebo yake ni ya mbu peke yake, muulize afisa ugani kabla ya kuitumia kwenye mboga. Kwa trei chache za nyumbani, nadhani utamaliza kazi kwa kukausha udongo na mitego kabla hujafika huko.

Miche iliyokwisha kulala haitainuka. Ing'oe pamoja na udongo unaoizunguka, uifukie mbali au uichome, usiitupe kwenye mboji. Ile ya njano ambayo shina lake bado ni gumu ina nafasi, na hapa nyanya na hoho zinatofautiana. Nyanya huotesha mizizi mipya kwenye shina lake. Uhamishe mche kwenye kopo lenye udongo mpya wenye unyevu kidogo, ufukie shina lake mpaka karibu na yale majani mawili ya kwanza, uuweke kivulini siku chache. Hoho haina uwezo huo kwa kiasi cha kutegemewa, kwa hiyo iache kina chake cha awali na uhangaike na maji tu. Usiweke urea kwa kuona njano. Mche usio na mizizi hauwezi kuila, na chumvi yake itaunguza iliyobaki.

Kama zaidi ya nusu ya trei imelala, kwa maoni yangu sia upya. Najua mbegu za hoho si bei rahisi, lakini mche uliodhoofika ukiwa kitaluni hubaki nyuma hata shambani, na mvua za Tabora huendelea hadi Aprili, hivyo muda unao. Nyanya huwa tayari kuhamishwa wiki ya 4 hadi ya 6.

Safari hii anza na udongo. Uache ule wa chini ya mwembe. Changanya udongo wa kawaida, mchanga wa mtoni na mboji iliyoiva kabisa, isiyonuka na isiyo na joto ukiingiza mkono. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi zinafaa kulegeza. Kisha uupashe moto. Wakulima wa tumbaku wa Tabora wanaijua desturi ya kuchoma kitalu, ila hiyo inakula kuni nyingi, na kwa trei kumi haina haja. Weka udongo wenye unyevu kidogo kwenye debe kuukuu juu ya maji yanayochemka, umeinuliwa kwa mawe usiguse maji, funika, mvuke uupite dakika 30 baada ya udongo wa katikati kuwa moto kiasi cha kutoshikika. Uache upoe ukiwa umefunikwa. Ukiuacha wazi usiku mmoja karibu na trei zenye nzi, umerudi ulipoanzia.

Na mahali: barazani ni bora kuliko chumbani, penye mwanga wa kutosha na upepo unaopita, juu ya meza ili kuku wasifike. Hapo ndipo wasiwasi wako wa rasta unapata nafasi yake, kwa sababu nje nzi weupe wapo. Funika trei kwa neti yenye matundu madogo kabisa. Neti ya kitandani ina matundu makubwa, mdudu huyo anapita.

Mwone afisa ugani wa kata yako kama baada ya wiki 3 za kukausha hesabu ya mitego haijashuka, kama miche inanyauka wakati udongo ni mkavu wa kadiri na kiazi kimetoka kisafi, au kama majani yanaonyesha mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, yanajikunja au yanakuwa membamba isivyo kawaida. Hizo ni dalili za ugonjwa mwingine, na kwa maandishi siwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Nenda na mche mzima, mizizi na udongo wake, ndani ya mfuko wa karatasi, pamoja na kipande kimoja cha mtego chenye wadudu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi nacho hakiko mbali na mjini. Ukishauriwa kununua kiuatilifu, soma lebo uone kama kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini, na kama nyanya imetajwa humo.

Na iwapo dawa ile ya tumbaku ilikwisha kupuliziwa kabla jibu hili halijakufikia, fungua madirisha na milango, wahamishe watoto, fua matandiko na neti, piga deki kwa maji ya sabuni ukiwa umevaa glovu. Mtoto akitokwa na mate au jasho jingi, akitapika, akilegea, akipumua kwa shida au mboni za macho zikawa ndogo sana, mpeleke mara moja kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Kitete, na chupa ya dawa uibebe ili daktari asome lebo. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa kwa kudhani yanakata sumu.